Kikokotoo kilisema saa 13, mama akavaa viatu mapema

Hiki ni kile kikokotoo cha bure mtandaoni: unaandika mji unaotoka na mji unaokwenda, nacho kinakupa kilomita na saa za ndege. Julai iliyopita nilikuwa nampeleka mama New York kumwona dada yangu, na mama alikuwa na swali moja tu, "Tutakaa juu saa ngapi?" Nikaandika Nairobi, nikaandika New York. Jibu: kilomita 11,800 na kitu, saa 13 na ushei. Nikamwambia saa 13.

Tuliruka karibu na saa sita usiku kwa ile ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, safari iliyoanza Oktoba 2018. Mama akala, akalala, akaamka. Alfajiri ilichelewa kwa kuwa tulikuwa tukiikimbia kuelekea magharibi, naye hilo likamsumbua kuliko kiti. Saa ya 13 ilipotimu akakunja leso, akavaa viatu, akapakata mkoba wake. "Mwanangu, mbona hatushuki?" Kwenye skrini tulikuwa bado juu ya Atlantiki, kusini mwa Newfoundland. JFK, uwanja wa ndege wa New York, tuliikanyaga baada ya saa 15 kamili, na ndivyo tiketi ilivyokuwa imeandikwa, ila mimi sikujisumbua kuhesabu.

Kilomita zenyewe sina ugomvi nazo. Kinapima njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, ndiyo maana ramani yake inapinda kupitia Sahara na Morocco badala ya kukata Afrika moja kwa moja. Tatizo ni saa. Kinachukua kilomita kinagawa kwa 900, basi. Watu wa Pwani tunajua chombo hakiendi hivyo. Huko juu, upande wa Atlantiki ya kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kwenda Marekani ni upepo wa mbisho sehemu kubwa ya njia. Kurudi upepo uko tezini, na safari ileile ikawa saa 14. Kikokotoo kinatoa jibu moja kwa zote mbili.

Halafu kiliniambia New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Hiyo ni wakati wa baridi. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba wenzetu husogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7. Dada alicheka sana nilipompigia kumwamsha nikidhani ni saa kumi na mbili asubuhi kwake, kumbe tayari yuko kazini.

Nakipa nyota tatu, zote za kilomita. Wala hakihesabu treni ya Mombasa, foleni ya usalama na mstari mrefu wa uhamiaji, ambao peke yake ulitula karibu saa mbili.

Wakati wa kurudi mama hakuniuliza mimi. Alimwuliza mhudumu wa ndege.