Linki za kushusha V-Strom 650: miguu imefika chini, stendi imeniumbua

Nina urefu wa sentimita 160, na mguu wangu ukipimwa kwa ndani, kutoka msambani hadi kisiginoni, haufiki sentimita 73. Siti ya pikipiki yangu, Suzuki V-Strom 650, iko milimita 835 kutoka chini. Hesabu hiyo niliijua kabla ya kununua, nikanunua hivyo hivyo. Mapenzi hayapimwi kwa rula.

Ikishaanza kutembea, pikipiki hii haina ugomvi na mtu mfupi. Balaa ni kusimama. Mguu unatafuta ardhi upande ambao barabara imebonyea, hauipati, na kilo zaidi ya 200 zinaanza kulala. Ikishapita pembe fulani huizuii tena. Unailaza taratibu, kisha unaangalia kushoto na kulia nani kakuona.

Nikanunua linki za kushusha nyuma kwa milimita 30. Ni vyuma viwili tu, vinakaa kwenye mtambo unaounganisha shokapu na gurudumu la nyuma. Ni virefu kidogo kuliko vya kiwandani, na urefu huo mdogo unatosha kuikalisha nyuma chini. Kuzifunga si kazi ngumu mradi pikipiki imeinuliwa kwa fremu, uzito wote umetoka kwenye shokapu, na bolti zimekazwa kwa kipimo cha kitabu cha fundi badala ya kukadiria kwa mkono. Vyuma vyenyewe sina la kuvisema vibaya. Matundu yalikaa sawa, havichezi, na baada ya miezi minane havina kutu.

Ila kwenye boksi hapakuwa na hata mstari mmoja kuhusu stendi ya pembeni. Fikiria: pikipiki imeshuka, stendi imebaki na urefu wake ule ule. Badala ya kuegemea, pikipiki inasimama wima kama askari wa gwaride. Siku ya pili niliiacha mahali penye mteremko mdogo, nikavua kofia, nikasikia kishindo nyuma yangu. Ililalia upande wa kulia, mkono wa breki ukapinda, kioo kikavunjika. Kosa ni langu, nilipaswa kuona. Lakini anayeuza linki anajua kabisa stendi itafuata, na maelezo ya sentensi moja yangeniokolea kioo. Fundi aliikata stendi, akatoa kipande, akaichomelea upya. Mwambie fundi wako akate kidogo kidogo huku akijaribisha, maana ikizidi kuwa fupi pikipiki inaegemea mno na kuiinua inakuwa mieleka.

Kitu kingine ni mbele. Ukishusha nyuma peke yake, usukani unakuwa mzito kukata kona, mbele panahisi pepesi, na taa inamulika juu ya miti na kuwachoma macho wanaokuja. Mimi nililegeza vishikio vya shokapu za mbele na kuzisukuma juu milimita 20, zote mbili sawasawa. Usukani ukarudi kuwa mwepesi. Kabla ya kukaza, hakikisha shokapu zikibonyea mpaka mwisho gurudumu au madigadi havitagusa kitu hapo juu. Taa nayo irekebishwe.

Sasa niseme nilichopoteza. Tumbo la pikipiki liko karibu na ardhi, kwa hiyo matuta ambayo zamani niliyapita bila kuwaza sasa nayapita kwa adabu. Nyuma panahisi laini zaidi kuliko mwanzo. Nikiwa peke yangu ni raha, nikibeba abiria na mabegi inabonyea mpaka inagonga. Dawa ni kuzungusha kile kitasa cha pembeni kinachokaza springi ya nyuma, ila ukikikaza pikipiki inapanda tena, kwa hiyo unarudishiwa kiasi cha urefu ule ule uliolipia kuuondoa! Na kuipandisha kwenye stendi ya kati sasa kunataka uwe umekula.

Faida ni kwamba mguu mmoja unakanyaga kwa wayo mzima, na yote miwili ikishuka pamoja inakanyaga nusu. Kuigeuza kwenye kokoto sitoki jasho tena.

Ningekuwa naanza upya ningeanza na siti. Kwa sisi wafupi upana wa siti unaumiza kama urefu wake kutoka chini, kwa sababu mapaja yakitanuka miguu inapungua. Miezi miwili iliyopita nilipeleka siti ikapunguzwa sponji, zaidi pembeni mwa sehemu ya mbele kuliko juu, na tofauti niliyoipata ilinishangaza. Linki za milimita 30 bado ninazo, lakini natafuta za 20. Tatizo ni kwamba nikizifunga, stendi niliyoikata itakuwa fupi.