Morfini ya maji kwa mgonjwa wa nyumbani Goma: dawa inafaulu, kikao kinafeli

Chupa yenyewe ya morfini, dawa kali ya maumivu, ni ile ya 10 mg kwa kila 5 ml. Ni chungu, lakini haihitaji serumu (dripu) wala kuchoma sindano. Kwa mgonjwa wa saratani ambaye familia na daktari wamekubaliana arudishwe mtaani, Ndosho au Himbi, akahudumiwe nyumbani, ndiyo dawa ya kwanza tungeidai.

Kasoro haiko kwenye chupa, iko kwenye ordonansi, karatasi ya daktari ya dawa. Daktari anaandika "5", familia inasoma mililita. 5 mg ni 2.5 ml tu. Ukivuta 5 ml, umempa maradufu. Aandike vyote viwili, mg na ml. Pima kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano yenyewe, maana vijiko vya chai havilingani, na umeme ukikatika mistari ya bomba husomeka hata kwa tochi ya simu.

Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za jamii ya morfini kwa kawaida huanzishiwa 5 mg kila saa 4. Mzee aliyekonda, 2.5 mg. Dozi ya kulalia huwa maradufu ya kawaida ili asiamshwe usiku. Fuata saa, usingoje alie. Maumivu yakichomoza katikati, hupewa dozi ya ziada sawa na ya kawaida, na ile ya saa yake iko palepale. Ziandikwe zote daftarini: ndizo zinazomwonyesha daktari apandishe kiasi gani. Figo zikiwa mbovu dawa hujikusanya, hivyo daktari huachanisha saa za dozi.

Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache. Choo kufunga hakupungui. Bisakodili, dawa ya kulainisha choo, ianze siku ileile. Ikisahauliwa, tumbo linajaa, mgonjwa anakataa dawa, na lawama zote huenda kwa morfini.

Sasa kikao cha daktari na familia. Mara nyingi daktari huongea koridoni na kaka mkubwa peke yake. Shangazi anafika kutoka Butembo, anamkuta mgonjwa amesinzia, anasema mmemlewesha, chupa inafichwa. Anayelala na mgonjwa ndiye awepo, na aulize: asipoweza kumeza, tumwite nani? Serumu itundikwe? Kwa anayekaribia kukata roho, serumu mara nyingi huongeza maji kifuani na kukoroma. Kumlowesha midomo kwa pamba kunatosha. Asiyeambiwa mapema ataona mgonjwa ametelekezwa.

Uganda, wauguzi waliosomea kazi hii wanaruhusiwa kuandika morfini tangu 2004. Huku Goma tunamtafuta daktari. Kwa 5 mg kila saa 4 zinakwenda 15 ml kwa siku, kwa hiyo chupa ya 100 ml haimalizi wiki. Ihesabuni Alhamisi, si Jumamosi jioni.