Mkahawa wa Sambaza Bukavu kwa Aliyepunguzwa Tumbo

Mkahawa huu mdogo wa Muhumba, hapa Bukavu, naupendekeza kwa moyo wote kwa yeyote aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo ili apungue uzito, kwa sababu wapishi wake hukubali kupika kidogo na kupika vizuri. Dada yangu, aliyepasuliwa India, alianza kupukutika nywele mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Hali hii huwapata wengi, kwani mshtuko wa upasuaji na kupungua uzito kwa haraka huzifanya nywele nyingi ziingie pamoja katika hatua ya kupumzika, kisha zikadondoka miezi michache baadaye. Kwa kawaida huota tena, lakini upungufu wa protini, madini ya chuma au zinki huweza kurefusha tatizo. Ndiyo maana, pamoja na vidonge vya vitamini, madaktari husisitiza angalau gramu 60 za protini kwa siku.

Hapo ndipo mkahawa huu unapomfaa. Nusu sahani ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliochemshwa kwa nyanya na ndimu huletwa kwanza, laini kiasi cha kupondeka kwa uma, na bugali (ugali) husubiri pembeni. Hata usipoliwa, hakuna anayenuna. Sombe, yaani kisamvu, ni nzuri, ingawa mafuta ya mawese huwa mengi mno kwa tumbo dogo, basi omba yapunguzwe. Maji huletwa pamoja na chakula, nawe uyaweke kando hadi nusu saa ipite baada ya kula. Chai nayo isubiri zaidi, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Bei ni ya wastani, ila Jumapili watu hujaa, hivyo ni bora kufika kabla ya saa sita.