Siku tatu na wadudu wa njia ya Marangu: tathmini ya huduma

Kampuni ndogo ya utalii iliyotupandisha Kilimanjaro mwezi Februari haikuahidi kilele. Iliahidi kwamba kwa siku tatu, kuanzia vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) vya Marangu vilivyo kwenye mita 1,400 hivi hadi kituo cha Horombo kwenye mita 3,720, tungeona wenyewe jinsi wadudu wanavyobadilika kadiri mtu anavyopanda. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa sehemu kubwa.

Usiku wa kwanza, kihambani, mwongozaji alitundika shuka jeupe kati ya migomba na mibuni, akaliwashia taa. Katika muda mfupi nondo na mbawakawa walikuwa wamelijaza hivi kwamba tuliacha kuhesabu. Msituni siku iliyofuata tulikutana na siafu wakivuka njia, na vipepeo wachache pale mwanga ulipopenya. Juu ya msitu kila kitu kilipungua. Horombo sikuona sisimizi hata mmoja, na maua tuliyoyachunguza yalitembelewa zaidi na nzi kuliko nyuki.

Mwongozaji alieleza sababu kwa ufasaha. Joto hushuka takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, kwa hiyo kati ya kihambani na Horombo tulipoteza nyuzi zipatazo 14. Nyuki anaweza kuyaona maua, lakini saa zenye joto la kutosha kumruhusu kuruka huwa chache. Maelezo hayo yanaafikiana na utafiti uliofanyika mlimani humu kati ya mita 866 na 4,550 na kuchapishwa mwaka 2016, ambao ulionyesha kwamba mimea na wanyama wakitazamwa kwa pamoja, joto ndilo linaloeleza vizuri zaidi wingi wa spishi, ingawa kila kundi peke yake lina sababu zake.

Kasoro ipo kwenye hesabu. Kila kituo tulihesabu wadudu kwa robo saa, kisha tukapewa jedwali la kulinganisha. Hata hivyo, kihambani tulihesabu saa tano asubuhi juani, ilhali Mandara, kituo kilicho msituni chini ya Horombo, tulihesabu alasiri ukungu ukiwa umeshatanda. Tofauti iliyoandikwa kwenye jedwali hilo ni ya hali ya hewa kama ilivyo ya mwinuko, na mgeni asiyejua ataondoka akiamini kwamba ameupima mlima. Isitoshe, tuliambiwa kwamba wadudu hupungua hivyo hivyo katika kila mlima, jambo ambalo si kweli: ipo milima ambayo spishi za baadhi ya makundi huwa nyingi zaidi katikati ya mwinuko.

Bei ni ya juu kuliko ya safari ya kawaida ya siku tatu, lakini tozo za hifadhi zimo ndani yake na wapagazi walitunzwa vizuri. Ningelipa tena, kwa sharti kwamba kila kituo kihesabiwe saa ileile. Lenzi ya kukuzia ilikuwa moja kwa watu sita; atakayekwenda abebe yake.