Makabati matatu ya spana juu ya magurudumu manne: uzoefu wangu wa kuyapandanisha gereji

Nianze na jibu, maana wengi wanaotafuta habari hii wanataka kujua kama inafaa kabla hawajashika drili. Inafaa. Kabati la chuma la kuwekea spana, lile la droo na magurudumu, linapandishwa juu ya jingine na kukaa imara, na gereji inapata nafasi ambayo awali ilikuwa hewa tupu kati ya kabati na dari. Ila kiwandani halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Niliyonunua yalikuja na bodi nzuri, droo nzuri, na magurudumu yaliyofungwa mahali pabaya. Hapo kwenye magurudumu ndipo nitakapokaa zaidi.

Yako matatu, ya aina moja, daraja la kati. Kila moja lina upana wa sentimita 66, kina cha sentimita 46 na kimo cha sentimita 70 bila magurudumu, droo tano, uzito wa karibu kilo 40 likiwa tupu. Bati lina unene wa milimita 1 hivi. Reli za droo ni za gololi, zinatoka hadi mwisho, na kila jozi imeandikwa kubeba kilo 45. Kwa bodi na droo sina malalamiko. Ukivuta droo iliyojaa soketi inatoka kwa kidole kimoja, na ukiisukuma inafunga bila kugonga.

Nilishauriwa ninunue kabati moja la chini na lile sanduku la juu lenye kifuniko ambalo kiwanda hulitengeneza likae juu yake. Sikukubali, na bado sikubali. Lile sanduku lina droo fupi za kimo, nyingi hazipokei hata drili ikilazwa, na sehemu ya juu kabisa ni beseni la chini ya kifuniko. Beseni hilo linakulazimisha uache nafasi juu yake ili kifuniko kifunguke, na huwezi kuweka kitu juu ya kifuniko chenyewe. Kabati la pili la chini, likivuliwa magurudumu na kupandishwa juu ya la kwanza, linakupa droo za kina kile kile, zikiwemo mbili kubwa za kuingia vitu vinene, na juu panabaki tambarare. Kwa nafasi ile ile ya ukutani, unapata zaidi.

Mpangilio wangu ni huu: makabati mawili yamesimama bega kwa bega kama meza, yamefungwa pamoja, na la tatu limepanda juu ya lile la kushoto. Upande wa kulia umebaki wazi, una ubao mnene wa plaiwudi na jiliwa, kile kifaa cha kubana kitu unachokifanyia kazi. Droo kumi na tano, na sakafuni yote haijafika mita moja ya mraba.

Sasa hatari yenyewe. Kabati la droo halipinduki kwa sababu ni refu. Linapinduka kwa sababu umefungua droo. Chukua kabati moja lililojaa, lenye uzito wa kilo 140 pamoja na vifaa. Fungua droo tatu zenye kilo 20 kila moja. Droo ikitoka yote, kitovu cha uzito wake kinakuwa kama sentimita 20 mbele ya uso wa kabati. Kwenye makabati haya kiwanda kilifunga magurudumu ya mbele yakiwa yameingia ndani sentimita 7. Kwa hiyo droo zinavuta zikiwa sentimita 27 kutoka kwenye gurudumu, huku kilo 80 zilizobaki zikikaa sentimita 16 tu nyuma yake. Kilo 60 mara 27 ni 1,620. Kilo 80 mara 16 ni 1,280. Ni pembea ya ubao, na upande wa droo umeshinda: kabati linakuja kifuani mwako. Baadhi ya makabati yana mtambo unaozuia droo ya pili isifunguke ya kwanza ikiwa wazi. Haya hayana, na kwenye boksi hapakuwa na neno lolote la tahadhari kuhusu hilo. Kwa bidhaa inayosimama karibu na watoto, hilo ni kosa la mtengenezaji na ninalisema wazi.

Ukisogeza magurudumu ya mbele yakawa usawa wa uso wa kabati, hesabu inageuka. Droo sasa zinavuta kwa sentimita 20, nazo kilo 80 zinashikilia kwa sentimita 23. Hiyo ni 1,200 dhidi ya 1,840. Uzito haujaongezeka hata gramu, na kabati limesimama.

Ndiyo maana nilitengeneza fremu mpya ya chini. Ni chuma cha pembe cha milimita 40 kwa 40, unene milimita 4, mstatili wa sentimita 132 kwa 46, na kipande cha kukatiza katikati pale makabati mawili yanapokutana, ili kuta zake za ndani zisielee hewani. Kwenye pembe nilichomelea sahani nene za kufungia magurudumu, na zile za mbele zinachomoza kama sentimita 5 nje ya uso. Fremu ilichomelewa peke yake, kabla ya rangi, kabati likiwa mbali. Usichomelee kabati lenyewe. Rangi yake ya unga ikiungua inatoa moshi mbaya kwa mapafu, bati la milimita 1 linajikunja kwa joto, na likishajikunja reli za droo zinaanza kukwama. Boliti zinatosha.

Magurudumu ya kiwandani niliyatupa. Yalikuwa ya plastiki ngumu, yanapiga kelele na yanasimama kwenye kila ufa wa zege. Niliweka ya poliyurethani yenye kiini cha chuma, kipenyo milimita 125, yote manne yanageuka na yote yana breki. Raba laini ni nzuri kwa kutembea, ila ikisimama muda mrefu chini ya mzigo mkubwa inapata ubapa, na kabati la namna hii husimama zaidi kuliko linavyotembea. Kuhusu uwezo, usigawe uzito kwa magurudumu manne. Sakafu haijawahi kunyooka kabisa, kuna wakati gurudumu moja linaning'inia, kwa hiyo gawa kwa matatu. Mzigo wangu wote unafika kilo 420 hivi. Kwa matatu ni kilo 140. Nilichukua ya kilo 200 kila moja.

Kuna jambo dogo la magurudumu yanayogeuka ambalo sijaona likielezwa. Mahali gurudumu linapogusa sakafu si chini ya mhimili wa kugeukia. Liko pembeni kidogo, kwenye yangu sentimita 4. Ukivuta kabati kuja kwako, magurudumu yote yanalala kuelekea nyuma, na ule msingi wa mbele ulioupigania unapungua. Rudia hesabu ya juu kwa sentimita hizo 4: 1,440 dhidi ya 1,520. Bado limesimama, lakini kwa nywele. Ukilisukuma kidogo kurudi ukutani, magurudumu yanageuka na kulala mbele. Basi kila nikilisogeza, mwendo wa mwisho ni wa kurudi nyuma, nakanyaga breki, ndipo nafungua droo.

Kupandisha la tatu kunahitaji uangalifu wa aina nyingine. Paa la kabati la chini ni bati jembamba ambalo katikati linabonyea kwa kiganja. Uzito unapaswa kushuka kwenye kuta za pembeni, si kwenye bati hilo. Niliweka vipande viwili vya chuma cha pembe, kimoja juu ya kila ukuta wa pembeni, kutoka mbele hadi nyuma, chini yake kukiwa na ukanda wa raba wa kuzuia chuma kusuguana na rangi. Kabati la juu linakaa juu ya vyuma hivyo. Matundu ya magurudumu yake ya zamani ndiyo niliyotumia kupitisha boliti za milimita 8, nne kila pembe, zenye washa pana.

Kabla ya kutoboa, toa droo ya juu ya kabati la chini upime nafasi kati yake na paa. Kwangu ilikuwa sentimita moja. Boliti ikiingia kutoka juu, ncha na nati yake vingekwaruza kila kilichomo droo hiyo. Kwa hiyo vichwa, vya mviringo na bapa, viko chini, na nati ziko juu ndani ya kabati la pili, unazifikia ukitoa droo yake ya mwisho. Droo hizi hutolewa kwa vile vijiti vya plastiki pembeni mwa reli: upande mmoja unasukuma juu, mwingine chini, kwa pamoja.

Kwenye kutoboa: anza na biti ndogo, tia tone la mafuta, mwendo wa drili uwe wa polepole. Kingo za tundu zipitishwe tupa ya mviringo mpaka kidole kisikwame, kisha rangi ya praima, maana chuma kilichovuliwa rangi ndipo kutu inapoanzia. Yale mawili ya chini niliyaunganisha kwa boliti nne tu, karibu na kingo za mbele na nyuma ambapo bati limekunjwa mara mbili. Angalia ndani kwanza fimbo ya kufuli inapita wapi. Ukitoboa kwenye njia yake, droo zote zitagoma kufunga.

Kimo kimetoka vizuri. Magurudumu na fremu ni kama sentimita 20, kwa hiyo meza ya kulia iko sentimita 92 pamoja na ubao, kimo kizuri cha kufanyia kazi ukiwa umesimama. Upande wa kushoto unafika mita 1.62, na droo ya juu kabisa naona ndani yake bila kupanda kitu. Kama wewe ni mfupi, chagua kabati la juu lenye droo chache. Droo usiyoona ndani yake inageuka kuwa jaa.

Vitu vizito vyote viko chini: jeki, nyundo kubwa, seti nene za soketi, minyororo. Juu kuna bisibisi, vipimo, nyaya, glavu, karatasi za msasa. Kimo peke yake hakipindui kitu kwenye sakafu tambarare, lakini kinakuza kila kasoro ndogo. Sakafu nyingi za gereji zimemwagwa na mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Mteremko wa asilimia 2, kitovu cha uzito kikiwa kimo cha mita moja, unakusogezea uzito sentimita 2 mbele. Kwa sababu hiyo makabati yangu yanatazama upande, hayatazami mlango, na la juu lina mkanda wa chuma na ndoano inayoshika ukutani, unaofunguliwa kwa mkono ninapotaka kuyatoa.

Chaja za betri ziko juu ya ubao, si ndani ya droo. Nilishawishika kuzificha, maana tundu la nyuma la kupitishia waya linapatikana kirahisi, lakini betri ya lithiamu inayochajiwa inahitaji hewa na inahitaji kuonekana.

Nisichokipenda. Jiliwa juu ya meza ya magurudumu ni ya kazi nyepesi. Kukata bomba, kupiga tupa, kushika kitu cha kutoboa, hapo sawa. Ukipiga nyundo kwa nguvu droo zote zinalia, na ukivuta spana ndefu meza nzima inasogea hata breki zikiwa zimekanyagwa, kwa kuwa breki inazuia gurudumu kuzunguka na haizuii kuburuzika. Kwa kazi hizo bado nahitaji meza iliyofungwa sakafuni. Pia, makabati yakishaunganishwa huwezi tena kubeba moja na kwenda nalo chini ya gari. Nimebaki na kisanduku cha mkono kwa ajili hiyo. Na kabati la juu linaitia kivuli nusu ya meza, ikabidi nibandike ukanda wa taa za LED chini ya ukingo wake wa kulia.

Kwa sakafu ya udongo au ya matofali yaliyotikisika nisingemshauri mtu ayapandanishe, hata kwa fremu hii. Ayaweke bega kwa bega yote matatu, akubali kupoteza ukuta. Kwa sakafu ya zege, fremu ndiyo ya kwanza kutengenezwa, kabla hata ya kutoa makabati kwenye boksi, na boliti za magurudumu zikaguliwe kwa spana baada ya kulisogeza mara ya kwanza likiwa limejaa. Kwangu mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Nilizibadilishia nati za kujifunga zenye nailoni na hazijalegea tena.