Konrodi ya drili ya zege, na duka lisilopokea spea yenye grisi

Ninaandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Nilinunua konrodi, yaani mkono wa chuma unaounganisha krenki na pistoni, ya drili kubwa ya zege katika duka moja la spea huko Gerezani, Kariakoo, baada ya ile ya zamani kukatika shingoni tukiwa tunavunja sakafu ya choo Tabata. Bei ilistahimilika, na kwa kuitazama tu ilionekana imetengenezwa vizuri, hata nilikuwa tayari kuisifu.

Kasoro ilijitokeza nilipoifunga. Tundu dogo linalopokea pini ya pistoni lilikuwa pana kuliko pini yenyewe, na pistoni ikawa inacheza hata kwa kuisukuma kwa kidole. Asiyeifahamu mashine hii anaweza kudhani kwamba nafasi nyembamba namna hiyo haina madhara, ilhali krenki ikizunguka mara moja konrodi huipeleka pistoni mbele na kuirudisha, zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na hewa inayobanwa ndani ya silinda ndiyo inayoirusha nyundo ya ndani. Pini iliyolegea huligonga tundu kwa kila mzunguko na kulipanua zaidi. Sikuiwasha, niliifungua yote nikairudisha dukani pamoja na pini na risiti.

Muuzaji hakuipima. Aliishika kwa ncha za vidole, akaona grisi, akasema, “Mama, spea ikishapakwa grisi hairudi.” Nilipomwomba vernia ili nimwonyeshe tofauti ya vipimo, alijibu macho yakiwa kwenye simu: “Mwambie fundi wako aje mwenyewe, nitaelewana naye.” Fundi ni mimi. Nilimweleza hivyo, akacheka, akamgeukia mteja mwingine.

Hilo la grisi ndilo linalonichemsha hadi leo. Hakuna fundi mwenye akili anayefunga konrodi kavu, na mtu hawezi kujua kama pini imekaa sawasawa kabla ya kuitia tunduni; kwa hiyo anayetoa sharti hilo anamwambia mteja kwamba spea yake isijaribiwe kabisa. Wala sharti lenyewe halikuandikwa kwenye risiti au ukutani, bali lilizaliwa palepale kaunta. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda pia mlaji, lakini nani ana muda wa kwenda kushtaki kwa ajili ya kipande cha chuma huku mwenye nyumba anasubiri choo chake?

Nilikusudia kuwaonya wasomaji wasiiguse kabisa chapa ile. Siwezi tena, kwa kuwa duka la jirani waliniuzia konrodi ya chapa ileile baada ya kijana wa kaunta kuijaribu kwa pini yangu mwenyewe, akaiweka kando ile ya kwanza iliyocheza, akanipa nyingine iliyobana vizuri, na hiyo inafanya kazi hadi sasa. Bidhaa, basi, ni ya wastani: nunueni, lakini nendeni na pini mfukoni. Duka la kwanza halipati alama yoyote kwangu. Tena nikifikiri kwamba huenda konrodi isiyo na kasoro ilikuwamo katika katoni lililokuwa miguuni pa yule muuzaji, naona hata sifuri hiyo nimeitoa kwa ukarimu mno.