Skrubu ililegea yenyewe, mimi ndiye nikalaumiwa

Nilidhani hasira hii itapoa, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Haijapoa. Basi naanza na nililo nalo moyoni: ukiambiwa uwekewe skrubu kwenye ufizi ili meno yako yavutwe nyuma, kataa.

Meno yangu ya mbele yalikuwa yamechomoza kiasi kwamba midomo haikutani mpaka niilazimishe. Nikang'olewa meno manne, mawili juu na mawili chini, nikafungwa waya. Baada ya muda daktari akasema tunahitaji skrubu nne, kila moja ikae kati ya mizizi ya meno ya nyuma. Sababu aliyonipa niliielewa vizuri na mpaka leo naikubali. Ukiwa kwenye mtumbwi ukavuta kamba iliyofungwa kwenye mtumbwi mwingine, mitumbwi yote miwili inasogea. Meno nayo ni hivyo hivyo. Magego yakitumiwa kuvuta meno ya mbele, nayo yanakuja mbele na kula ile nafasi uliyoipata kwa kung'olewa. Skrubu ikiingia kwenye mfupa wa taya, ni kama umeifunga kamba kwenye gati, na gati halisogei. Zamani kazi hiyo ilifanywa na chombo cha kuvaa, chenye mkanda wa kuzunguka kichwa au shingo. Mimi nisingeweza kukaa na kitu hicho, nikakubali skrubu.

Vipimo vyake mtavitafuta wenyewe. Kuwekwa kwenyewe hakuna la kuogopa: ganzi kidogo, halafu unahisi mtu anakugandamiza taya huku akizungusha mkono taratibu. Kabla sijashuka kwenye kiti nikauliza, "Daktari, haiwezi kutoka?" Akanijibu, "Haitoki hiyo. Imeshashika mfupa."

Likumbukeni jibu hilo.

Kama wiki tatu baadaye, au nne, ufizi wa chini kushoto ukaanza kuvimba na kupanda juu ya kichwa cha skrubu. Asubuhi moja nikiwa nasukutua nikahisi kitu kinacheza, kama jino la utotoni linalotaka kutoka. Nilikuwa nimefuata kila nililoambiwa. Mswaki laini kuizunguka taratibu, dawa ya klorheksidini ya kusukutua, vitu vigumu sikuvigusa kabisa. Nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri tarehe yangu. Nikasubiri, kila nikimeza chakula nahofia nitaimeza nayo.

Siku ya tarehe, daktari aliishika kwa koleo ndogo ikatoka bila kuzungushwa hata mara moja. Akaitazama, akasema, "Dada, umekuwa unaichezea kwa ulimi."

Hakuniuliza. Alinihukumu. Nikamwambia, "Hapana, daktari, nimefuata maelekezo yako yote." Akamgeukia msaidizi wake, mimi nimelala pale taa inanipiga machoni na mpira wa kunyonya mate umo mdomoni, akasema, "Wagonjwa ndivyo walivyo, hawakubali kosa." Kisha akaendelea kukaza waya kama vile hakuna lililosemwa. Damu ilinichemka, na kujitetea nisiweze. Nilitoka pale nikiwa na aibu ya kosa ambalo sikulifanya. Kibaya zaidi, usiku ule nilianza kujishuku. Labda usingizini niliisukuma kwa ulimi? Labda mswaki niliukandamiza mno? Nilikaa na mashaka hayo mpaka tarehe iliyofuata, na hilo ndilo linaloniuma kuliko skrubu yenyewe.

Tarehe hiyo nilimkuta daktari mwingine, kijana, yule wa kwanza hakuwepo. Akafungua picha yangu ya eksirei ya wakati skrubu bado iko, akanionyesha kwa ncha ya kalamu: skrubu ilikuwa imeegemea mzizi wa gego. Jino, akasema, halikai tuli kama tunavyodhani. Kila unapotafuna linacheza kidogo ndani ya mfupa, na skrubu iliyoligusa inatikiswa nalo, mlo baada ya mlo, mpaka inalegea. "Pole sana, dada. Hukuichezea." Nilishindwa kujibu, machozi yalikuwa karibu.

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma. Kumbe hata ile "imeshashika mfupa" haikuwa na maana niliyoipa. Skrubu hizi hazikusudiwi kuota na mfupa kama kipandikizi cha jino la bandia. Zinashikiliwa na hesi zake tu, ndiyo maana zinaweza kuanza kuvuta meno tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana zinatolewa kwa kuzungushwa tu kazi ikiisha. Tangu daktari wa Japani, Ryuzo Kanomi, alipoeleza mwaka 1997 namna ya kutumia skrubu ndogo kama nanga ya kuvutia meno, zinazolegea zimehesabiwa mara nyingi, na hesabu nyingi zinaangukia skrubu moja au mbili katika kila 10. Taya la chini ndilo linaloongoza. Ufizi ukivimba, skrubu ikiwa karibu na mzizi, au ikitokeza kwenye ule ufizi laini unaochezacheza badala ya ule uliobana mfupa, hatari inaongezeka. Haya yanajulikana. Usafi wa mgonjwa nao umo, sikatai, lakini ni sababu moja kati ya nyingi, na kati ya zote yeye alichagua ile inayoniangukia mimi.

Sasa nikitazama nilivyoanza, ile "kataa" ya juu naona nimeiandika kwa hasira. Skrubu tatu zilizobaki hazikunisumbua hata siku moja. Juu, meno yamerudi nyuma, pengo limeziba, na magego yako pale pale yalipokuwa. Juzi nilijiona kwenye kioo cha gari nimefunga mdomo bila kujua kama nimeufunga. Miaka yote ya maisha yangu sikuwahi kujiona hivyo. Mbili za juu zimeshatolewa, hata ganzi sikuhitaji, kila moja haikufika dakika, na baada ya siku chache sikuona hata kovu. Kwa hiyo kama tatizo lako ni kama langu, weka. Ila muulize daktari kabla hajashika sindano ya ganzi: ikilegea, itakuwaje, na nani atabeba lawama? Akikwambia haitoki, inuka uondoke. Hapo sibadilishi neno.

Ile ya chini kushoto ilirudishwa na yule kijana, sehemu tofauti kidogo na ya kwanza, baada ya kupiga picha kwanza. Nikamuuliza swali lile lile la mwanzo. Akasema, "Inaweza kulegea. Ikicheza, usisubiri tarehe, njoo siku hiyo hiyo." Mpaka ninapoandika imekaa imara, na pengo la chini limebaki upana wa ukucha.

Daktari wa kwanza bado anafanya kazi hapo hapo. Tunapishana kwenye korido, ananiambia "Habari, dada," nami naitikia nzuri. Ameshaona picha ile, iko kwenye faili langu na yeye ndiye aliyeagiza ipigwe. Hajaniambia chochote.